Mguu Nilioupoteza Kwenye Matuta ya Maua

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki ya kisukari, mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinionyesha unyayo wake. Alikuwa amekanyaga kipande cha chupa siku tano nyuma. "Na wala hakiniumi," akaniambia, "Mungu mwema." Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikapandisha dera langu kidogo, akaona pale mguu wangu wa kushoto unapoishia, chini ya goti. Akaurudisha unyayo wake chini. Alipoitwa kwa daktari, nikaamua nitaandika.

Sitaeleza kisukari ni nini wala kinaharibuje mishipa. Hayo yana wenyewe. Mie ni fundi cherehani wa Chamazi, huku Mbagala ndani kabisa, na ninachokijua ni kilichonipata.

Nyumba yetu tuliijenga taratibu, chumba baada ya chumba. Mafundi walipomaliza walibakiza kilima cha vifusi: matofali yaliyovunjika, mabonge ya saruji, vipande vya vigae, misumari ya bati. Mume wangu, Baba Zuhura, akawaambia wavifukie pande mbili za njia inayotoka getini kuja barazani. "Fukieni hapo hapo," alisema, "mama atapanda maua." Juu yake wakamwaga mchanga mweupe, ule ambao ukiumwagia maji unayanywa papo hapo na kubaki mkavu. Nikapanda asumini, bugenvilia na mishubiri. Asumini ikadumaa. Bugenvilia ikastawi kwa miiba, maua machache.

Halafu nikaambiwa nina sukari. Nilipewa vidonge, nikawa navinywa nikikumbuka. Baada ya miaka michache miguu ikaanza kufa ganzi, nikasema ni cherehani. Kazi zikaongezeka, matuta nikayatupa. Kufikia masika ya mwaka ule ukuta ulikuwa hauonekani. Nyasi zilifika kiunoni. Bugenvilia ilijitupa njiani, mgeni anapita kiubavuubavu. Juu ya asumini mlangamia ulitandaza nyuzi zake za njano kama mtu aliyemwaga tambi. Na chini ya yote ndago, lile jani ambalo ukilikata leo kesho limesimama tena.

Ndipo Zuhura akachumbiwa.

Zuhura ni mtoto wangu wa pekee. Alikuwa anauza kwenye duka la simu Mwenge, akampata kijana wa Kinondoni, kwao wana uwezo. Ndoa ingefungwa nyumbani kwetu, baada ya mvua. Siku aliyorudi kutoka kutambulishwa ukweni alisimama getini, hakuingia.

"Mama, pale kwao kuna pevingi, matofali yamepangwa mpaka nyuma ya nyumba. Sie hapa mtu akipita anajua pori. Mie naona aibu, kweli."

"Tutafyeka," nikamwambia.

"Nani atafyeka? Baba anarudi saa moja."

"Mie mwenyewe."

Nikafyeka siku tatu. Kliniki walikuwa wameniambia mara kwa mara nisivae ndala nikiwa na kazi ya nje. Viatu vya kufunika nilikuwa navyo, vizuri tu, vya kutokea kwenye shughuli. Niliona nikivivaa vitachafuka. Nikavaa ndala.

Siku ya tatu jioni, karibu na magharibi, nilikwenda bombani kutawadha. Ndala ya kulia ikatoka. Ya kushoto ikakataa. Nikaivuta, ikaja na mguu. Nilidhani imenasa kwa matope. Nikakaa kwenye ngazi, nikageuza unyayo, nikaona kichwa cha msumari wa bati kimezama kwenye soli ya ndala. Ncha yake ilikuwa ndani ya nyama yangu, chini ya kidole kidogo. Nilikuwa nimetembea nao sijui tangu saa ngapi. Nilikuwa nimepika nao.

Baba Zuhura alileta koleo, akauchomoa.

"Huumwi?"

"Siumwi."

"Wee mwanamke wa chuma," akasema, na tukacheka. Akaniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kitambaa. Naomba mlijue hilo. Tulikaa kwenye ngazi zetu, msumari mrefu kama kidole uko juu ya sementi, na tulicheka.

Siku ya nne mguu ulikuwa wa moto. Siku ya saba viatu vyote vilikataa. Wifi yangu Mwajuma, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka Temeke na unga wa majani kwenye mfuko wa plastiki.

"Wifi, usithubutu kwenda hospitali," akaniambia, akiuchanganya unga na asali. "Wakishaona sukari hao ni kukata tu. Jirani yangu alikwenda na kidole akarudi bila mguu."

Nilimwamini. Si kwa sababu alikuwa na hoja, bali kwa sababu nilitaka mtu aniambie nibaki nyumbani. Leo nikimwona napata shida kumjibu salamu. Yeye hakunichoma msumari, najua. Lakini jirani yake alichelewa kwenda, kidole kimeshaoza, na hilo hakulisema.

Nguo ya harusi ya Zuhura nilikuwa naishona mwenyewe. Ijumaa moja nilikuwa nimepiga magoti nabana pindo kwa pini, yeye amesimama juu ya kigoda.

"Mama, nini kinanuka?"

"Labda panya kafia mahali."

Akashuka. Akaniangalia. Kisha akainama, akaifungua khanga niliyouzungushia mguu. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na weusi umeanza kupanda ubavuni mwa mguu. Zuhura akajiziba pua na kipande cha lesi, ile lesi ya nguo yake.

"Inabidi uende hospitali," akasema.

"Nitakwenda."

Akakaa kitandani.

"Lakini mama, wakikulaza? Zimebaki siku tisa. Kadi zishatoka, ukumbi wa jioni ushalipiwa. Subiri basi harusi ipite."

"Sawa, mwanangu," nikamwambia.

Nilikuwa mtu mzima. Ningeweza kupanda bajaji siku ile ile. Kosa ni langu, daktari aliniambia na mie najiambia. Lakini niliposikia sauti ya mwanangu akisema nisubiri, nilisubiri, na sentensi ile nikawa naisikia miezi yote iliyofuata, kwenye kila benchi.

Siku ya ndoa nilikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, udi unafuka chini ya kiti, mguu umefungwa khanga mbili na kunyunyiziwa manukato. Matuta yalikuwa meupe, yamefagiliwa, na juu ya mchanga tulikuwa tumepanga maua ya kwenye makopo kutoka kwa wauza miche wa barabarani. Wageni wakasifu. Mkwe wangu wa kike, mama wa kijana, aliniinamia kunipa mkono, akarudi nyuma haraka, akakohoa kwenye mtandio. Nikatabasamu. Nilikuwa na homa kiasi kwamba vigelegele navisikia kama vinapigwa nyumba ya pili.

Jumatatu yake Baba Zuhura alinibeba hadi kwenye bajaji.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine rika moja na Zuhura. Alifungua khanga, akaniangalia usoni.

"Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa na harusi."

Akaandika.

Kwanza walikata vidole viwili. Baada ya wiki wakakata nusu ya mguu. Baada ya siku kumi akaja tena yule binti na karatasi, akavuta kiti, akasema safari hii ni chini ya goti na asingenificha, wakiacha sumu itapanda na nitakufa. Baba Zuhura alisimama, akasema anakwenda kununua maji. Hakurudi mpaka nimeshaweka sahihi mwenyewe.

Nilizinduka alasiri. Kitu cha kwanza, dole gumba la mguu wa kushoto lilikuwa linawasha. Nikamwita nesi, nikamwomba anikune. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, amechoka. Angeweza kuniambia dole halipo. Akainama, akakuna shuka pale mahali mguu ungekuwa, taratibu, kama anamkuna mtoto mgongo. Muwasho ukapoa. Sikujua jina lake, na nafasi ya kumshukuru sikuipata.

Zuhura alikuja saa za kuona wagonjwa, na mumewe. Akasimama upande wa miguuni, akaona pale shuka lilipolala bapa. Akatoka mbio. Nilimsikia akitapika kwenye korido. Alikuja tena mara moja na matunda, akakaa dakika chache. Baada ya hapo ikawa simu. "Mama, kazi zimenibana." Kisha ujumbe. Kisha hata ujumbe ukawa wa Idi tu.

Nilirudi nyumbani katikati ya kipupwe. Matuta yalikuwa yameshafunga tena. Yale maua ya makopo yalikuwa yamekufa kwa kiu, na ndago imepita juu yake.

Kuanzia hapo nilihesabu siku kwa dresingi. Siku ya kufungwa kidonda, siku ya kupumzika, siku ya kufungwa. Kipupwe kikaisha hivyo, na vuli yote. Kwa wasiojua: unafika asubuhi na daftari lako, unaliweka juu ya mengine, unakaa. Benchi ni la mbao, limelainishwa na makalio ya watu. Dirishani kuna pazia linalosogezwa jina likiitwa. Kila mtu ana harufu yake na kila mtu anajifanya hasikii ya mwenzake. Mguu uliokatwa unauma kwa namna tatu, pale ulipokatwa, pale juu ya goti, na pale ambapo haupo. Nilipungua mpaka madera yangu niliyapunguza yote. Nywele zilinitoka mbele. Paja la kushoto likawa jembamba kama mkono.

Nyumbani, Baba Zuhura alihamia chumba cha Zuhura. Alisema anakoroma sana, asinisumbue. Miaka ishirini na saba alikuwa anakoroma pembeni yangu. Lakini kila alfajiri kabla hajaenda kazini alinibeba kunipeleka chooni, akasubiri nje ya mlango, akanirudisha. Sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili. Bado sijui.

Kwenye benchi nilimpata Luka. Alikuwa mtu wa Masasi, umri wangu, anaishi Kigamboni anakouza miche ya maua kando ya barabara. Alivuka maji kwa pantoni kila siku ya dresingi, mguu wake wa kulia hauna vidole hata kimoja. Mdomo wake ulikuwa mchafu, manesi walimwogopa. Siku ya kwanza aliniuliza mguu ulikwendaje, nikamweleza habari ya matuta. Wengine wote nikiwaeleza husema pole. Luka aliuliza:

"Udongo wako ukoje?"

"Mchanga."

"Mchanga si udongo, dada. Huo wa kujengea choo. Na chini yake?"

"Vifusi."

"Umepanda maua juu ya jalala, halafu unashangaa." Akatikisa kichwa. "Na ulifyeka?"

"Nilifyeka."

"Ndago hufyeki. Ndago ukiifyeka unaichekesha. Unachimba, unatoa vile vitunguu vyake kimoja kimoja, unavichoma."

Nilikasirika. Halafu nikagundua ni mara ya kwanza kwa wiki nyingi mtu ananisema kama mtu mzima mwenye kosa la kawaida, si kama maiti. Siku iliyofuata nilimtafuta kwa macho.

Kidonda kilifunga vuli ilipoisha. Jioni moja Baba Zuhura alisimama kati ya matuta, mikono kiunoni.

"Nimeongea na fundi," akasema. "Tunang'oa kila kitu, tunamwaga kokoto, tunaweka pevingi mpaka ukutani. Yaishe."

"Sitaki."

"Mama Zuhura, hapa ndipo palipokula mguu wako. Mie kila nikiingia getini napaona. Unataka nipaone mpaka lini?"

"Na mie nataka nipaone."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyie mlifukia takataka zenu humu mkaniambia nipande maua!" Nilikuwa sijawahi kumpigia kelele tangu tuoane. "Nataka nizitoe. Zote. Ukishamwaga zege juu yake zitakuwa bado zimo."

Akaingia ndani. Tuliishi siku nne bila kuongea.

Siku ya tano, Jumapili, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mwanzoni mwa tuta la kushoto, kiatu cha kufunika kwenye mguu uliobaki, glavu mikononi, kijembe kifupi. Nilichimba kipande cha upana wa mkeka, kina cha kufika magotini, na kila nilichokitoa nilikiangalia. Kigae. Tofali. Msumari. Baba Zuhura alitoka ndani na spika mbovu ya redio yetu ya zamani. Akaivunja kwa nyundo, akatoa sumaku, akaifunga kamba. Akaanza kuiburuza juu ya mchanga niliokwisha kuutoa, taratibu, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi. Kila baada ya muda aliiinua, akapangusa misumari iliyonata, akaitupa kwenye kopo la rangi. Aliendelea hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Kopo lilikuwa limejaa nusu. Alilitazama, akaenda kutawadha.

Hilo ndilo la pekee alilowahi kulisema kuhusu msumari ule, na alilisema kwa sumaku. Nimelikubali. Lakini hakurudi chumbani, na sikumwita.

Kliniki yangu ilikuwa sasa mara moja kwa mwezi, na niliipanga iangukie siku ya dresingi ya Luka. Alinipa maelekezo kwa hatua, kama fundi. Bugenvilia ikatwe ibaki kisiki cha kufika gotini, isionewe huruma. Asumini isafishwe mlangamia mpaka uzi wa mwisho, kwa maana uzi mmoja ukibaki umerudi wote. Shimo lijazwe majani makavu, maganda ya jikoni, pumba za mpunga, samadi ya ng'ombe iliyooza, kisha udongo mweusi, kisha lifunikwe nyasi. Halafu kusubiri.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukitia mkono usione moto. Usiwe na haraka, dada. Haraka yako tunaijua."

Jirani yangu anafuga kuku. Alinipa viroba viwili vya mbolea, mbichi, bado ina unyevu. Sikuwa na ng'ombe na sikuwa na subira. Nikaimwaga kwenye tuta zima, nikachomeka vipandikizi vya asumini na mirehani. Kiangazi kile jua lilikuwa kali. Baada ya wiki kila jani lilikuwa la kahawia. Nikavuta kipandikizi kimoja, chini kimeoza na kuwa cheusi. Nilikirusha ukutani nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikulia hospitali, na mwanamke aliyekuwa anapita nje akauliza kuna msiba?

Luka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umepika maua! Mbolea mbichi ni moto." Halafu akaacha kucheka. Alikuwa amekonda shingo. "Toa yote. Itandaze pembeni, changanya na pumba, ioze. Anza upya. Mie nikipata gari la Kigamboni la kuja huko nitakuletea samadi yangu, iliyolala mwaka mzima. Unaibonyeza inavunjika kama keki."

Mwezi uliofuata hakuwepo. Nikadhani amehama siku. Mwezi uliofuata pia hakuwepo, na mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeanza. Nikamuuliza nesi wa dirishani.

"Luka yupi? Yule mkali wa Kigamboni?" Akateremsha sauti. "Mama, yule alishafariki. Walitaka kumkata mguu akakataa, akatoroka wodini. Sumu ikapanda."

Nilikaa. Mtu aliyenikaripia kwa kila kosa alikuwa amefanya lile lile langu, akijua zaidi yangu. Nilimkasirikia. Sikujua jina la baba yake, wala nyumba yake, wala kama alikuwa na mke. Nilikuwa nimekaa naye mabenchi ya miezi saba na sikuwa na mtu wa kumpa pole.

Samadi niliipata kwa mfugaji wa Chamazi hapa hapa. Iliyooza, nilitia mkono kwanza. Masika ile nilifanya tuta la kushoto lote kwa vipande, kila kipande siku mbili au tatu, nikijisogeza na kigoda. Mvua ilipiga mchanga ukashuka, nikaongeza. Mkono wa kulia ulipata sugu za gongo la kutembelea na za jembe pamoja. Kila jioni nilikaa na kioo cha kujitazamia, nikakiweka chini ya unyayo uliobaki, nikauangalia wote, katikati ya vidole, kisigino, pembeni. Fanyeni hivyo. Msitegemee maumivu yawaambie, hayatawaambia. Na kama ngozi imefunguka, hata tundu dogo kama la sindano, siku hiyo hiyo nendeni, hata kama maulidi yanasomwa sebuleni kwenu.

Kipupwe kilipofika nilichimbua kwa kidole nikamkuta nyungunyungu. Mmoja, mwembamba. Sikuwa nimewahi kumwona nyungunyungu kwenye uwanja ule. Bugenvilia ilichipua kutoka kwenye kisiki. Mirehani ikashika. Watu walianza kusimama getini kuomba mche. Sikufurahi kama mnavyofikiria. Nilikuwa nawapa miche nikiwaangalia miguuni, nani kavaa nini, na nikirudi kukaa nilijiuliza kwa nini bustani yangu imepata rutuba mwaka ambao sina mguu wa kusimama ndani yake. Watu husema ugonjwa umewafundisha, wanashukuru. Mie sishukuru. Ningeutaka mguu wangu na lile pori.

Zuhura alikuja vuli, bila taarifa, asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa na mimba ya miezi sita, uso umejaa. Sikuwa nimeambiwa. Alipita kati ya matuta bila kuyatazama, akaketi kwenye ngazi ya baraza, chini yangu.

"Shikamoo mama."

"Marhaba."

Akazungumza habari za foleni, za joto, za mumewe. Nikamwacha. Mwisho akafungua mkoba akatoa kadi ya kliniki ya wajawazito.

"Wamenipima. Wanasema nina sukari. Ya mimba, wanasema inaweza ikaisha nikijifungua." Akanisogezea kadi. "Ikoje, mama? Inaanzaje? Mie naogopa."

Miezi kumi na sita nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio. Nikasema:

"Uliniambia nisubiri harusi ipite."

Akageuka. "Lini?"

"Chumbani. Nakubana pindo. Uliufungua mguu ukauona, ukaniambia zimebaki siku tisa, nisubiri."

Natamani angedanganya, ningejua la kufanya. Lakini namjua mwanangu anapodanganya na hakuwa anadanganya. Alikuwa anatafuta kichwani, na hapati.

"Mama, sikumbuki," akasema. "Nakumbuka harufu. Nakumbuka nilikuambia uende hospitali. Hayo mengine sikumbuki kabisa." Machozi yakaanza. "Nilisema hivyo kweli?"

"Ulisema."

Hakuniomba msamaha, alilia tu, na mie sikumbembeleza. Jua lilikuwa limefika kwenye ngazi. Nilitazama kichwa chake kilichoinama, kisha nikaangalia viatu vyake, vile vya wazi vya mikanda, na vumbi la Chamazi kati ya vidole vilivyovimba.

"Vua viatu," nikamwambia.

"Mama?"

"Vua. Ingia ndani niletee kioo changu kiko dirishani, halafu uje ukae hapa juu. Nipe mguu."

Akavua, akaleta kioo, akakaa. Nikauweka unyayo wake juu ya paja langu la kushoto, lile jembamba. Nikaanza na kisigino.